Klorheksidini 2% ndani ya alkoholi 70%: tathmini kwa wanaochukua damu ya kuotesha Mwanza

Maabara inaporudisha jibu la damu ya kuotesha, yaani damu iliyotiwa kwenye chupa maalumu ili bakteria waliomo wakue waonekane, lenye maneno "stafilokoka wasio na koagulesi", swali la kwanza si dawa gani apewe mgonjwa. Swali ni kama mdudu huyo, yaani bakteria, alikuwa ndani ya mshipa, au alikuwa juu ya ngozi akadandia sindano ilipopita. Mara nyingi ni huyo mdandiaji, na chupa tunayoitathmini hapa kazi yake ni kumzuia asipande: dawa ya kusafishia ngozi yenye klorheksidini glukonati 2% ndani ya alkoholi ya isopropili 70%. Hatutaji kampuni, maana watengenezaji ni wengi na kinachofanya kazi ni kilichomo, si nembo. Tumeiweka mezani pamoja na vitu viwili vilivyozoeleka katika vituo vya Nyamagana na Ilemela, yaani spiriti na povidoni ya iodini 10%.

Kwa mwenye haraka: ni dawa nzuri, na inastahili pesa ya ziada mahali panapochukuliwa damu ya kuotesha au panapowekwa kanula (mrija mdogo wa plastiki unaoachwa ndani ya mshipa) itakayokaa siku kadhaa. Kwa sindano ya kawaida ya msuli ni kuchezea hela, spiriti inatosha. Na ukiipaka kisha ukachoma ngozi ikiwa bado imelowa, jua umenunua spiriti kwa bei ya juu.

Tuanze na adui mwenyewe, kwa sababu bila kumjua chupa yoyote itaonekana sawa na nyingine. Koagulesi ni kimeng'enya kinachogandisha plazma, yaani majimaji ya damu. Staphylococcus aureus anacho. Ndugu zake zaidi ya 40 kwa jumla hawana, na hivyo kundi zima limepewa jina la kitu wasichokuwa nacho, kama mtaa unaoitwa kwa duka lililofungwa zamani. Anayeonekana zaidi ni Staphylococcus epidermidis, mkazi halali wa ngozi ya kila mtu, kuanzia kwapani hadi kwenye kiwiko unakotafuta mshipa. S. haemolyticus hupenda wodi na huwa sugu kuliko wenzake. S. saprophyticus huishia zaidi kwenye mkojo wa wanawake vijana. S. lugdunensis ndiye wa kuogopwa: tabia zake ziko karibu na za aureus, anaweza kula vali ya moyo, na maabara isimtupe kwa kisingizio kwamba "ni wa ngozi tu".

Hao wa ngozi hawaishi juu tu. Takriban moja ya tano yao hujificha ndani ya vinyweleo na tezi za mafuta ambako hakuna dawa ya kupaka inayofika. Ndiyo maana mtu akikuuzia dawa "inayotakasa ngozi kabisa" mwambie asante, endelea na safari. Kinachowezekana ni kupunguza walio juu na kuwachelewesha wa chini wasipande kabla sindano haijatoka.

Hapo ndipo mchanganyiko huu unapoishinda spiriti. Alkoholi huua haraka, ndani ya sekunde chache, kwa kuharibu protini za bakteria, kisha huruka hewani na kuacha ngozi bila mlinzi. Klorheksidini ni ya polepole kidogo, lakini hung'ang'ania ngozi na kuendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa baada ya alkoholi kuondoka. Kwa damu inayochukuliwa dakika moja, faida hiyo ya kubaki ni ndogo. Kwa kanula ya siku tatu, ni kubwa. Na kwa wanaoulizia usugu: wapo epidermidis wenye jeni za kuisukuma nje klorheksidini, ila 2% ni sawa na mikrogramu 20,000 kwa kila mL, kiwango kilicho mbali sana juu ya kile wanachoweza kuvumilia. Usugu huo unakuwa na maana dawa ikiwa imechakachuliwa kwa maji.

Sasa matumizi, kwa kuwa malalamiko mengi dhidi ya dawa hii ni malalamiko dhidi ya mkono ulioishika. Mkono wa mgonjwa ukiwa na jasho au vumbi, uoshwe kwanza kwa maji na sabuni, kisha usuuzwe hadi sabuni iishe kabisa na ukaushwe. Sabuni za kawaida huiua nguvu klorheksidini, kwa hiyo ngozi yenye utelezi wa sabuni ni hasara mara mbili. Funga tonikete (mkanda wa kubana mkono), tafuta mshipa kwa kidole, uamue kabisa pa kuchoma. Mimina mL 3 hivi kwenye shashi safi, si kwenye pamba, maana nyuzi za pamba huinyonya klorheksidini na kuishikilia. Sugua kwenda mbele na kurudi nyuma kwa sekunde 30 kwa nguvu ya wastani. Ule mtindo wa kuchora mduara kutoka katikati kwenda nje ulikuwa wa iodini. Hii inataka msuguo ili iingie kwenye mikunjo ya ngozi. Kisha acha ikauke yenyewe, sekunde 30 nyingine au zaidi kukiwa na unyevu. Usipepee, usipulize, usifute kwa pamba kavu.

Hizo sekunde 30 za pili ndizo zinazoibwa. Mgonjwa atauliza, "Sista, mbona huchomi?" na foleni nje itazidi kurefuka. Mjibu kwa upole, "Subiri kidogo baba, dawa inafanya kazi," ukihesabu. Ukirudi kuupapasa mshipa baada ya kusafisha, kazi yote imefutika hata kama umevaa glavu, maana glavu za boksi si tasa. Mshipa ukipotea, safisha upya tangu mwanzo.

Kifuniko cha chupa ya kuoteshea nacho husahaulika. Watu huamini kwamba kwa vile kimefunikwa na plastiki basi mpira wa chini yake ni tasa. Si tasa. Ufute kwa alkoholi 70% na uuache ukauke. Usitumie iodini hapo, inaweza kuuharibu mpira. Damu ya kuotesha iingie kwanza kabla ya vichupa vingine vya vipimo, mL 8 hadi 10 kwa chupa ya mtu mzima, na seti mbili kutoka mishipa miwili tofauti. Usiichukue kwenye kanula iliyokuwepo tangu jana, hapo unaotesha kanula. Chupa ya mtoto huandikwa kiasi chake ubavuni, kwa kawaida mL 1 hadi 3.

Tatizo kubwa zaidi la bidhaa hii halimo ndani ya chupa, liko kwenye rafu. Neno "klorheksidini" limeandikwa kwenye vitu ambavyo havihusiani kabisa, na muuzaji wa duka la dawa muhimu anaweza kukupa chochote kati yake kwa nia njema kabisa. Ipo ya 0.2%, ya kusukutulia kinywa. Ipo ya 4% yenye povu, ni ya kunawia mikono kabla ya upasuaji na lazima isuuzwe, hivyo ukiiacha kwenye ngozi utabaki na sabuni. Ipo jeli ya 7.1% ya diglukonati, ya kupaka kitovu cha mtoto mchanga. Hii imeshaleta majeraha ya macho katika nchi kadhaa za Afrika baada ya kudhaniwa ni dawa ya macho, kwa hiyo isikae droo moja na mafuta ya macho ya watoto hata siku moja. Ipo ile ya manjano iliyochanganywa na setrimaidi, ya kuyeyushwa kwa maji, ambayo ndoo zake tunazijua wote. Na ipo ya 5% au 20% isiyo na alkoholi, ambayo ni malighafi tu. Unayoitaka lazima lebo yake iwe na vitu viwili pamoja, 2% NA alkoholi 70%. Kimoja kikikosekana, irudishe. Angalia pia namba ya usajili ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na tarehe ya kuisha. Kama kituo chako hununua kupitia Bohari ya Dawa, andika asilimia zote mbili kwenye oda, si jina peke yake.

Wapo wanaochanganya wenyewe, na si kosa ikiwa famasia anasimamia. Kwa lita 1: mL 100 za klorheksidini 20%, mL 730 za ethanoli 96%, kisha maji yaliyosafishwa hadi kufikia mL 1000. Maji ya bomba hapana, na maji ya chumvi ya dripu hapana zaidi, kwa kuwa kloridi huifanya klorheksidini ijikusanye na kuzama chini kama ukungu mweupe. Mwenye malighafi ya 5% asijisumbue kutafuta 2%. Hesabu inakataa: 2% ingehitaji mL 400 za malighafi hiyo, zinabaki mL 600 za nafasi, na hata ukizijaza zote ethanoli 96% alkoholi haitavuka 58%. Kwa hiyo ukikuta mchanganyiko wa mtaani unaodai "2% ndani ya 70%" umetoka kwenye galoni ya 5%, lebo hiyo haiwezi kuwa kweli. Kutoka 5% unaweza kupata vizuri 0.5% ndani ya alkoholi 70% (mL 100, mL 730 za ethanoli, maji hadi lita), nayo ni dawa halali ya ngozi. Ndiyo hata inayopendelewa kabla ya ganzi ya uti wa mgongo, kwani 2% haitakiwi karibu na neva.

Chupa isijazwe upya juu ya mabaki ya zamani. Klorheksidini iliyoyeyushwa kwa maji ikikaa kwenye chupa isiyooshwa huota Pseudomonas, Serratia na Burkholderia, na hapo unapaka bakteria kwa jina la kuwaua. Yenye alkoholi 70% ni salama zaidi, ila mfuniko ukiachwa wazi alkoholi inaondoka na dawa inashuka daraja polepole bila kubadilika rangi. Pamba zilizoloweshwa asubuhi kwenye bakuli la chuma na kutumika hadi jioni zina shida hiyohiyo, pamoja na mikono yote iliyochovya humo. Chupa ndogo za mL 100 ni bora kuliko lita. Kwa mL 3 kila mara, moja hutosha watu 30 hivi na huisha kabla haijazeeka. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino usiofutika.

Bei? Iko juu ya spiriti popote utakapouliza. Ila linganisha na gharama ya jibu la uongo. Stafilokoka hawa wa hospitalini kwa kiasi kikubwa wana jeni ya mecA, maana yake kloksasilini haifanyi kazi, seftriaksoni tunayoipenda kupita kiasi haifanyi kazi, na daktari mwangalifu anaruka moja kwa moja kwenye vankomisini. Mtu wa kilo 60 mwenye figo nzima hupewa takriban gramu 1 kila saa 12. Siku 3 za kusubiri maabara imtambue mdudu ni gramu 6, yaani vichupa 12 vya mg 500, kila dozi ikienda kwa dripu isiyozidi mg 10 kwa dakika, hivyo dakika 100 za nesi kuchungulia, kisha kipimo cha kreatinini, cha kuangalia figo. Yote hayo kwa mdudu wa kiwikoni. Halafu tunashangaa UVIDA (usugu wa vimelea dhidi ya dawa) inatoka wapi.

Povidoni ya iodini tusiionee. Inapatikana kila mahali, rangi yake inakuonyesha ulipopaka na uliporuka, na kwa mwenye mzio wa klorheksidini (ni nadra, lakini mshtuko wake huwa mkali) ndiyo mbadala. Kasoro yake ni muda: inahitaji dakika 1 na nusu hadi 2 na ikauke kabisa ndipo iodini iwe imefanya kazi, na damu au usaha huizima. Kwa kasi ya chumba cha dharura, nani anasubiri dakika 2? Kwa watoto wachanga pia iodini hupita kwenye ngozi na kuisumbua tezi ya shingo.

Kwa watoto wachanga hata bidhaa yetu ina mipaka. Ngozi ya njiti, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki 32 na akiwa ndani ya wiki 2 za mwanzo, imewahi kuungua kwa klorheksidini ya alkoholi iliyotuama mgongoni au kwenye mkunjo. Tumia kidogo, usiache kidimbwi, ondoa shashi iliyolowa chini ya mwili. Ni jambo linaloumiza kichwa, kwa sababu ni haohao njiti wenye kanula ambao stafilokoka wasio na koagulesi huwaua kweli, kwa kawaida baada ya saa 72 za kwanza. Na kwao huwezi kuchukua seti mbili za mL 10, unapata mL 1 ukibahatika. Jibu moja chanya kwa mtoto kama huyo lisomwe pamoja na hali yake: kupumua, joto, sukari, platileti (chembe za kugandisha damu), na kama kanula ipo.

Mambo mengine ya usalama kwa kifupi. Isiingie jichoni wala sikio la ndani. Inawaka moto: kabla ya mashine ya kukatia kwa umeme chumbani mwa upasuaji, subiri dakika 3 na uhakikishe hakuna iliyotuama kwenye kitovu au chini ya shuka.

Isichoweza kabisa ni kuokoa kanula iliyokwisha kuvamiwa. Epidermidis akishashika plastiki hujenga utando wa ute, ndani yake dawa haziingii vizuri na kinga ya mwili inazunguka nje. Ndivyo anavyoharibu vali bandia, mirija ya kutoa maji kichwani na katheta za kusafishia damu. Hapo dawa ya ngozi imechelewa, mara nyingi kifaa chenyewe lazima kitoke. Ila kabla ya hapo, sugua mdomo wa kanula kwa sekunde 15 kwa shashi yenye dawa kila unapounganisha dripu.

Utajuaje kama chupa mpya imesaidia? Muulize mtaalamu wa maabara idadi ya damu zote za mwezi na ngapi zilitoa mdudu wa ngozi katika chupa moja tu. Gawanya, zidisha kwa 100. Kikomo kilichozoeleka ni 3%, na mahali penye mkono mzuri 1% inafikiwa. Tuseme damu 150 na chafu 9: hiyo ni 6%. Fanya hesabu miezi mitatu kabla ya kubadilisha dawa na mitatu baada yake, la sivyo unasifia bahati. Mdudu uleule, mwenye majibu yaleyale ya dawa, akiwa katika seti zote mbili, mwamini. Akitokea kwenye chupa moja baada ya saa 24 kupita, mshuku, ingawa muda peke yake si hakimu.

Na hesabu hiyo itakuwa na maana tu maabara ikitenganisha vizuri. Kipimo cha koagulesi cha kwenye slaidi hukosa baadhi ya aureus, na S. lugdunensis huweza kuonekana chanya humo. Cha mrija, kwa mL 0.5 za plazma ya sungura yenye EDTA (kizuia mgando), kisomwe kwa saa 4 katika nyuzi 35 hadi 37, kisha kirudiwe kusomwa saa 24. Anayesoma saa 24 peke yake anaweza kukuta bonge limeshayeyushwa na mdudu mwenyewe, akamwandika aureus kuwa mtu mwema.

Vituo vya mbali navyo viitazame safari. Chupa ya damu ikitoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa kivuko isiwekwe kwenye boksi la barafu pamoja na chanjo. Ikae joto la kawaida, kivulini, na saa ya kuchukua damu iandikwe ili maabara ijue imechelewa kiasi gani. Sengerema, baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa 2025, kisingizio cha foleni ya pantoni hakipo tena.

Tunaipa 4 kati ya 5. Alama moja tumeikata kwa sababu dawa haina rangi, huoni uliporuka, hivyo ukiweza kupata ile iliyotiwa rangi chukua hiyo. Na waambie watu wa dobi: shuka yenye klorheksidini ikilowekwa kwenye jiki hupata madoa ya kahawia ambayo hayatoki. Iloweshwe na isuuzwe kwa maji matupu kwanza.